Wacheni Kuniuzia Besi, Nataka Kusikia Piano

Wasee, leo sitawachekesha. Leo nataka kugombana na wauzaji wa hedifoni wa Migori, halafu nigombane na watu wa kontenti wa Migori na Homa Bay, halafu mwisho nigombane na mimi mwenyewe, kwa sababu hii kesi niko ndani.

Ingia duka lolote la vifaa vya simu hapa Migori mjini useme hivi: "Nataka hedifoni ya kusikiza piano." Nimefanya hii kitu mara nne, maduka manne tofauti, na mara zote nne nimejibiwa kitu kimoja. Jamaa anatabasamu, anashusha boksi lenye picha ya radi, anasema, "Boss, hii ndiyo yako. Iko na besi mbaya." Halafu anaweka amapiano. Nikimwambia si hiyo, nataka piano piano, kinanda, kile cha vibonye vyeupe na vyeusi, ananiangalia kama mtu aliyeingia buchari akaitisha sukuma wiki. Mmoja aliniuliza pole pole kama tuko na matanga.

Kumchanganyia amapiano na piano simlaumu. Jina lenyewe limebeba piano, na ule muziki ulipotoka vitongoji vya Gauteng, Afrika Kusini, miaka ya 2010, kinanda kilikuwa ndani yake kabisa. Lakini hebu chukua wimbo wowote wa Kabza De Small uuskize na hizo hedifoni za radi. Utasikia ile ngoma ya chini inagonga kichwa kama mtu anayedai rent. Piano iko wapi? Iko hapo, nyuma ya ngoma, inalia, na wewe huisikii. Yaani hizo vitu haziwezi hata muziki ambao wanazijaribia nazo.

Kinachoniuma zaidi ni kitu kingine. Muuzaji ameshaamua kabla sijafungua mdomo kwamba kijana wa Migori anataka kugongwa kichwa tu. Sisi ni besi. Piano ni ya watu wa Nairobi, ya hoteli, ya sinema mtu akifa. Na sisi wenyewe tumekubali. Nimeuliza wasee wengi mbona hawaskizi piano, wananiambia "inaboesha, iko flati, haina kitu." Nikiuliza wanaiskiza na nini, wananionyesha podi za soo nane. Sasa hapo ni nani aliyeamua piano inaboesha, ni wewe ama ni podi?

Wacha nieleze venye iko, na najua kuna mtu tayari anaandika hapo chini, "wewe uliacha chuo, leo unatufunza fizikia?" Ndiyo, nawafunza. Kaeni chini.

Piano ilitengenezwa karibu mwaka 1700 na fundi wa Florence, Italia, anaitwa Bartolomeo Cristofori. Kabla yake kulikuwa na vinanda vya nyuzi ambavyo ukibonyeza kwa hasira au kwa upole, sauti inatoka ileile. Cristofori akaweka nyundo ndogo ndani. Ukigusa kidogo, nyundo inagonga uzi kidogo. Ukipiga kwa nguvu, inagonga kwa nguvu. Watu wakashangaa, na chombo kikaitwa kwa Kiitaliano *piano e forte*, yaani taratibu na kwa nguvu. Baadaye uvivu wa ulimi ukakata jina, tukabaki na piano, yaani "taratibu". Kwa hivyo hedifoni ambayo haiwezi kukuonyesha tofauti ya kugusa na kupiga imekunyima kile kitu chenyewe ambacho chombo kilitengenezewa. Unabaki na vibonye tu.

Sasa njoo kwa namba. Piano ya kawaida iko na vibonye 88. Cha chini kabisa kinatoa 27.5 Hz, cha juu kabisa karibu 4,186 Hz. Do ya katikati, ile kila mwanafunzi anaanza nayo, iko karibu 262 Hz. Mkono wa kulia, ule unaobeba wimbo mara nyingi, unatembea kutoka hapo katikati ukipanda hadi 1,000 Hz na zaidi kidogo. Hedifoni ya besi mbaya inafanya nini? Inainua sauti za chini, tuseme chini ya 150 Hz, ili ngoma ikugonge. Halafu inainua kidogo kule juu kabisa ili usikie "tss, tss" na udhani ni usafi. Katikati inaacha shimo. Kwa ngoma na mdundo wa klabu, shimo hulioni. Kwa piano, hilo shimo ndiyo nyumba. Mkono wa kushoto unavimba kama umeumwa na nyuki, mkono wa kulia unaongea kutoka chumba cha pili mlango umefungwa.

Na kuna kitu kinaitwa kufifia. Piano ikigongwa, sauti haikatiki, inakufa pole pole, na ule ufu wa pole pole ndio utamu wake. Kiasi kikubwa cha muziki wa piano ni kungoja. Hedifoni mbaya haingoji. Besi yake inaendelea kuvuma hata baada ya noti kuisha, inaingia juu ya noti inayofuata, mwisho unasikia uji.

Kama piano iko mbali na wewe, nenda kwa nyatiti. Hii si mimi kutafuta kuwafurahisha wazee. Nyatiti ni nyuzi 8, zinadonolewa kwa mikono miwili, sauti inaruka halafu inafifia, sawa kabisa na tabia ya piano. Juu ya hiyo, mpigaji amevaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu anagonga nayo mwili wa nyatiti. Weka *En Mana Kuoyo* ya Ayub Ogada, ile albamu ya 1993, uketi mahali pametulia. Kama hedifoni yako ni nzuri, kila uzi uko mahali pake, na mtu anaimba mbele yao. Kama ni ya radi, unapata bonge moja la sauti lenye mtu ndani. Jaribu hii kabla hujaniambia piano ni mambo ya wazungu. Masikio yanayotaka piano ndiyo yaleyale yanayotaka nyatiti, na podi zako zimekunyima zote mbili.

Sasa hadithi ambayo nimekuwa nikiikwepa.

Mwaka jana duka moja, sitalitaja, lilinipa podi za Bluetooth za bure na thao mbili juu yake nipige video. Nilipiga. Nilizivaa, nikatikisa kichwa, nikafanya ule uso wa mtu aliyeonja pilau, nikasema, "Wasee, sauti ni safi kabisa, unasikia kila kitu." Nilikuwa nimeskiza sekunde kama 20 za wimbo mmoja. Kila kitu gani nilichosikia? Hiyo video ilitembea kuliko zote nilizowahi kuweka. Watu wakaniandikia, "bro, nimechukua kwa sababu yako." Nikaona niko juu.

Mmoja wa waliochukua ni binamu yangu wa Homa Bay. Yuko kidato cha tatu. Mwaka mzima amekuwa akijifunza kinanda kwa simu, ile programu inayoweka vibonye kwa skrini, kwa sababu kinanda chenyewe kiko kanisani na anakigusa siku ya Sabato tu, dakika chache kabla kwaya haijaanza. Usiku, mama mdogo akishalala, anavaa podi anafanya mazoezi gizani. Alihifadhi pesa ya nauli miezi miwili kununua hizo podi. Alitembea kwa mguu, mnaelewa? Kwa sababu mimi nilisema unasikia kila kitu.

Aprili likizo ikifika nikapanda matatu hapa Migori, Awendo, Rongo, tukapinda kwenda Rodi, jioni niko Homa Bay. Nikamkuta amenuna. Kuuliza, mama mdogo akasema ameachana na kinanda. Mwalimu wa kwaya amemwambia mbele ya watu kwamba vidole viko lakini mapigo hana, anakimbia mbele ya waimbaji kila wimbo, na mapigo mtu anazaliwa nayo. Mtoto wa miaka 16 ameambiwa hivyo mbele ya soprano wote.

Nikamwambia anipigie kidogo kwa simu. Akakataa. Nikamsumbua. Akaniwekea podi moja kwa sikio langu, nyingine akabaki nayo, akaanza. Nikaona kitu cha ajabu: kidole kinagusa skrini, halafu sauti inakuja. Si pamoja. Kidole, halafu sauti. Nikamwambia toa podi, tumia spika ya simu. Kidole na sauti pamoja. Rudisha podi. Kidole, halafu sauti.

Niliketi kwa kitanda nikanyamaza.

Iko hivi. Podi za Bluetooth za bei zetu zinachelewesha sauti. Simu inabidi ikande sauti, iipakie, iirushe hewani, podi iipokee, iifungue, ndio ikufikie. Hiyo safari inaweza kuchukua milisekunde 200 na hata kupita. Ukiwa unatazama video huwezi kujua, kwa sababu programu nyingi za video zinajua kuna kuchelewa, zinaishikilia picha ingoje sauti. Lakini ukipiga mwenyewe, hakuna mtu wa kukishikilia kidole chako. Sauti hutembea mita 343 hivi kwa sekunde kwenye hewa. Milisekunde 200 ni kama mita 68. Uwanja wa mpira wa kimataifa upana wake ni mita 68. Kwa hivyo binamu yangu alikuwa anajifunza kinanda akiwa mstari mmoja wa uwanja na spika iko mstari wa pili, usiku baada ya usiku, miezi.

Na mwili una akili. Mwili wake uliona sauti inachelewa, ukajifunza kutangulia. Anabonyeza mapema ili sauti ifike kwa wakati. Siku ya Sabato anakaa kwa kinanda cha kweli, ambacho hakichelewi hata kidogo, vidole vinatangulia venye vilizoea, na kwaya inaachwa nyuma. Mapigo alikuwa nayo. Alikuwa nayo mazuri kuliko ya huyo mwalimu, kwa sababu alijipanga na kitu ambacho wengi wangeshindwa nacho siku ya kwanza.

Nilipomweleza aliniangalia tu. Halafu akasema, "Kumbe si mimi." Halafu akaniuliza, "Lakini si wewe ulisema ziko safi?"

Hapo sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Kwa hivyo nasema hapa mbele ya watu: nilisema uongo kwa thao mbili. Na siko peke yangu. Ninyi wenzangu wa kontenti mnaoshika boksi kando ya ziwa jua likizama, lini umeskiza hiyo kitu wimbo mmoja mzima? Lini umejaribu na sauti moja tulivu, mtu mmoja na chombo kimoja? Sisi tunajaribia na mdundo kwa sababu mdundo unaonekana kwa kamera, kichwa kinatikisika. Piano haitikisi kichwa. Mtu anayeskiza piano anaonekana kama amelala, na hiyo haiuzi.

Sasa wacha niseme cha kununua, kwa sababu matusi pekee hayamsaidii mtu.

Nunua ya waya. Kama unajifunza kinanda hii si mjadala, waya hauna kuchelewa unaoweza kuusikia. Hata kama unaskiza tu, waya unakupa pesa yako yote kwenye sauti. Podi ya thao moja, ndani ya hiyo thao kuna betri mbili, boksi la chaji lenye betri yake, redio mbili ndogo, na faida ya watu watano. Iliyobaki ndiyo imenunua sauti. Iafoni ya waya ya bei hiyohiyo haina hayo yote. Simu nyingi za bei ya chini bado ziko na tundu, na kama yako haina, kuna kiwaya cha kuunganisha kwa tundu la chaji. Siku hizi kuna iafoni za waya kutoka China, kama Moondrop Chu au 7Hz Salnotes Zero, ambazo ng'ambo huuzwa kama dola 20 na watu wanaopima sauti kwa mashine wanaziheshimu. Hapa kwetu hutazipata kwa rafu, utaagiza. Kama huna hiyo, fungua droo. Ile iafoni iliyokuja na simu ya mzazi wako 2016, ambayo hakuna mtu anaitaka kwa sababu haina besi, inaweza kuwa ndiyo hedifoni bora ya piano kwa hiyo nyumba. Siongei mchezo. Binamu yangu sasa anatumia hiyo, na upande mmoja ina plasta.

Usiogopeshwe na bei pia. Mwaka 2017 mtafiti anaitwa Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283, akatafuta kama bei na venye hedifoni inagawa sauti za chini, katikati na juu vina uhusiano. Hakupata. Bei inanunua mambo mengine, uimara, ngozi laini, jina. Mgawanyo mzuri wa sauti unaweza kuupata chini au kuukosa juu. Kwa hivyo mtu akikucheka na waya wako wa soo tatu akiwa na kitu cha thao ishirini, kwanza mwombe akuwekee piano.

Ukienda dukani, nenda na simu yako na muziki wako uliopakua, usikubali ule wimbo wao wa kuonyesha. Zima ekwalaiza zote. Weka sauti chini ya nusu, hapa ndipo watu wengi wanakosea, wanajaribu na sauti juu kabisa, na juu kabisa kila kitu kinafanana. Mimi hutumia *The Köln Concert* ya Keith Jarrett, alirekodi Januari 1975 huko Ujerumani. Hadithi yake naipenda: walimletea piano isiyo sahihi, ndogo, besi yake dhaifu, vibonye vya juu vinalia kama mabati. Kidogo akatae kupiga. Halafu akapiga, akakaa sana katikati ya kinanda kwa sababu ndiko kulikuwa na uhai, na ikawa albamu ya piano iliyouza mamilioni. Katikati, wasee, palepale ambapo podi zenu ziko na shimo. Jarrett huguna na kunung'unika akipiga. Kwa hedifoni nzuri unamsikia yuko hapo na wewe, mpaka unaona aibu kidogo. Kwa hedifoni ya radi, hakuna mtu chumbani.

Kisha weka kitu kimya zaidi. Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou, mtawa wa Ethiopia, aliyefariki Yerusalemu Machi 2023 akiwa na miaka 99. Alipiga piano kama mtu anayeongea peke yake akitembea, anaharakisha, anasimama, anakumbuka kitu. Ile rekodi ya mfululizo wa *Éthiopiques*, namba 21, ilitoka 2006. Ukiona unataka kuongeza sauti ili umfuate, rudisha hedifoni kwa boksi useme asante. Na muuzaji akikataa kufungua boksi ujaribu, ondoka, hata kama ameapa ni orijino. Wote ni orijino. Sijawahi kuona duka linasema hii ni feki.

Hilo la kuongeza sauti si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya vijana bilioni moja wa miaka 12 hadi 35 wako kwa hatari ya kupoteza uwezo wa kusikia kwa sababu ya sauti kubwa. Kiwango chao ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukipanda hadi 90, saa zinashuka mpaka 4 kwa wiki. Nne! Safari mbili za matatu zimemaliza wiki. Na hedifoni yenye shimo katikati inakusukuma huko, kwa sababu kila ukitaka kusikia wimbo unainua, na ukiinua besi nayo inapanda. Kwa hivyo pia usijidanganye kwamba utaskiza piano kwa matatu ya Migori na Rongo. Hakuna mtu ataisikia kule, injini iko palepale mkono wa kushoto unapoishi. Ngoja ufike nyumbani. Hakikisha vimpira vya iafoni vinaziba sikio vizuri, jaribu saizi zote tatu, kwa sababu kisipoziba besi inatoroka na utafikiria iafoni ni mbovu.

Ooh, kuna wale watasema mimi nachukia besi. Omera, mimi nimezaliwa kwa ohangla. Kwa matanga ya babu nilicheza mpaka viatu vikaisha. Besi ya spika kubwa uwanjani, inayopita kwa kifua, hiyo ni mali yetu na sitaki mtu aiguse. Lakini besi ya podi si hiyo. Ni kelele imewekwa karibu na sikio ili ufikirie ni kifua. Na hata ohangla ya siku hizi iko na kinanda ndani, kuna mtu amekaa pale anafanya kazi. Mskize siku moja.

Wengine mtaniambia zima besi kwa ekwalaiza, tatizo limeisha. Inasaidia kidogo, kweli. Shusha besi, acha katikati, sikia tofauti. Lakini ekwalaiza haiwezi kupunguza mita 68.

Lile duka lilinipigia simu wiki mbili zilizopita. Wameleta podi mpya, "besi mbaya kuliko zile," na wako tayari kuniongezea mpaka thao tatu. Niliwauliza kama naweza kuzijaribu na kinanda mbele ya kamera, kidole na sauti, watu waone wenyewe. Walisema watanirudia. Bado nangoja.

Ile video ya kwanza sijaifuta. Nilitaka, halafu nikaona nikifuta, aliyenunua kwa sababu yangu hatajua kamwe. Nimeandika juu yake kwamba nilisema uongo na nimeweka jaribio la kidole: fungua programu yoyote ya piano, gusa kibonye ukiwa na podi, halafu bila podi. Dakika moja.

Binamu yangu amerudi kwa kinanda, na ile iafoni yenye plasta. Sabato iliyopita mama mdogo aliniambia bado anatangulia kidogo, hasa nyimbo za haraka. Miezi ya mazoea haitoki kwa wiki tatu. Mwalimu wa kwaya bado anakunja uso. Nimepanga kwenda huko Jumamosi ijayo nimweleze huyo mwalimu ni nani aliyemharibu.